Freedom na liberty

“Freedom” na “liberty” ni maneno mawili ya Kiingereza yanayokaribiana sana kimaana, hata Kiswahili huyafasiri yote mawili kwa neno moja, uhuru, ingawa yamechipuka katika matawi tofauti ya familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya: la kwanza ni la tawi la Kigermaniki, nalo ndilo lenye asili ya Kiingereza chenyewe, ilhali la pili ni la Kilatini na liliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa.

“Freedom” limeundwa kwa kivumishi “free” na kiambishi tamati “-dom” kinachoonyesha hali au hadhi, kile kile kilichomo katika “kingdom”, yaani ufalme. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa “freodom”, na linapatikana katika tafsiri ya kitabu cha mwanafalsafa wa Kirumi Boethius inayohusishwa na Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899. Wanaisimu hulirejesha “free” kwenye mzizi wenye maana ya kupenda, ambao ulizaa pia “friend”, yaani rafiki, “Friede” la Kijerumani, yaani amani, na “priya” la Kisanskrit, yaani mpendwa. Upendo uligeukaje kuwa uhuru? Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya kijamii: katika kaya yenye mabwana na watumwa, wapendwa walikuwa wale wa damu moja, na kwa kuwa hao hawakumilikiwa na mtu, jina la mapenzi likawa jina la hadhi.

“Liberty” linatokana na “libertas”, nomino iliyoundwa kwa kivumishi cha Kilatini “liber”, na wataalamu wengi hukihusisha kivumishi hicho na “eleutheros” la Kigiriki pamoja na “Leute” la Kijerumani, yaani watu. Huko Roma “liberi” walikuwa watoto wa mwenye nyumba, tofauti na watumwa wake, na “libertus” alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Warumi walimwabudu Libertas kama mungu wa kike, na sanamu maarufu iliyozinduliwa katika bandari ya New York mwaka 1886 imebeba sura yake.

Maneno haya yalikutana kutokana na Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, tukio lililokifanya Kifaransa kuwa lugha ya watawala, huku Kilatini kikiendelea kuwa lugha ya hati. Katika Magna Carta ya mwaka 1215, iliyoandikwa kwa Kilatini, “libertates” ni wingi, kwa maana ya haki na nafuu mahususi ambazo mfalme aliwaahidi raia wake, wala si uhuru kwa jumla. Wafasiri wa hati hiyo kwa Kiingereza huliweka “liberties” mahali pa “libertates”, lakini “liber homo”, yaani mtu huru, huwa kwao “free man”, kwa kuwa “liberty” halikupata kivumishi cha kulifaa: “liberal” lilielekea kwenye maana ya ukarimu, na maana yake ya kisiasa ni ya karne ya 19.

Athari za historia hiyo bado zipo. Marekebisho ya Katiba ya Marekani yaliyoidhinishwa mwaka 1791 hutumia “freedom” kwa usemi na magazeti, lakini yanapokataza mtu kunyang’anywa uhai, uhuru au mali bila kufuata sheria, neno ni “liberty”, lenye harufu ya mahakama. Hali kadhalika, baharia wa jeshi la majini la Marekani akipewa ruhusa fupi ya kushuka pwani husemwa kuwa yuko kwenye “liberty”, kwa kuwa hapo uhuru ni kitu kinachotolewa na mwenye mamlaka. “Free”, kwa upande wake, lilipanuka hadi kumaanisha bila malipo, utata uliomlazimu Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huria katika miaka ya 1980, kueleza kila mara kwamba hakukusudia bei. Kiswahili, chenye huru na bure, hakina tatizo hilo.

Wanafalsafa wengi hawakuona haja ya kuyatenganisha. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, aliyachukulia kuwa kitu kimoja, na Isaiah Berlin alifanya hivyo hivyo katika mhadhara wake wa Oxford wa mwaka 1958 kuhusu dhana mbili za uhuru. Mwanahistoria David Hackett Fischer, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alishikilia kinyume chake, kwamba “liberty” kwa asili ni kutengana na kutofungwa, na “freedom” ni kufungamana na jamaa. Hoja hiyo inavutia, ila ushahidi wa mizizi unaiunga mkono nusu tu, kwa sababu “liberi” wa Roma nao walitambulika kwa nyumba waliyozaliwa, sawa na wapendwa wa kaya ya Kigermaniki. Kinachoyatofautisha maneno haya zaidi ni njia yaliyopitia, moja likibaki katika mazungumzo ya kila siku na jingine likikulia katika hati za wafalme na mabaraza ya sheria.