Mng'ao kwa Eneo

Anayeanza kutafuta galaksi kwa darubini hutegemea orodha, na orodha huweza kumpoteza. Humwambia kwamba M104, maarufu kama Sombrero, ina magnitudi 8.0, na NGC 300 ina 8.1. Katika magnitudi, tarakimu ikipungua mng'ao huongezeka, na hatua tano ni tofauti ya mara 100. Kwa hesabu hiyo galaksi hizi mbili ni karibu sawa. Lakini mkazi wa Guildford, magharibi mwa Sydney, akiielekeza darubini ndogo kwenye M104 mwezi Mei, ana matumaini ya kuona kijiukungu chembamba chenye kiini. NGC 300 ataitafuta Novemba nzima, uani kwake, asiione.

Sababu ni kwamba magnitudi hujumlisha mwanga wote wa galaksi kana kwamba umetoka kwenye nukta moja. Haisemi umetandazwa wapi. M104 ina urefu wa takriban dakika 9 za tao na upana wa 4. NGC 300 ni 22 kwa 16 (mwezi mpevu una kama 30). Mwanga ni ule ule, eneo ni karibu mara kumi. Kiasi kinachobaki kwa kila kipande cha eneo ndicho Waingereza hukiita surface brightness, nami napendekeza tukiite mng'ao kwa eneo.

Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa "mng'ao wa uso". Siikubali. Mwezi una uso. Galaksi ni nyota zilizotapakaa na vumbi kati yake. Tena "wa" huficha hesabu iliyofanyika, ilhali "kwa" huionyesha: mkulima akisema magunia kumi kwa ekari, hakuna anayedhani anataja mavuno ya shamba zima. Mwanafunzi atakayekutana na istilahi hii mara ya kwanza atajua papo hapo kwamba kuna kugawanya.

Anga nayo ina mng'ao wake kwa eneo, na jicho huiona galaksi pale tu inapotofautiana na anga iliyo nyuma yake. Penye giza totoro anga hufikia karibu magnitudi 22 kwa sekunde ya tao ya mraba. Juu ya jiji kubwa huwa karibu 18, yaani imeng'aa mara 40 hivi. Darubini haiondoi tatizo hili, kwa sababu hukuza galaksi na anga kwa pamoja, wala haiwezi kukipa kitu kilichotandaa mng'ao kwa eneo unaozidi ule wa macho matupu. Msaada wake ni ukubwa: doa hafifu likiwa pana, jicho hulitambua kwa urahisi zaidi.

Ushahidi uko vituo vichache vya treni kutoka Guildford. Huko Parramatta, mwaka 1826, James Dunlop, Mskoti aliyekuja na Gavana Thomas Brisbane, alilipekua anga la kusini kwa darubini ya kioo cha inchi 9. Orodha yake ya vitu 629 ilichapishwa mwaka 1828. NGC 300 ni ugunduzi wake, na NGC 55 na NGC 5128 pia. Taa za gesi za barabarani zilifika Sydney mwaka 1841. Galaksi zenyewe zimebaki zilivyokuwa. Kilichopanda ni mng'ao wa anga, na inaniuma kwamba mtoto wa Parramatta leo hawezi kuona yote aliyoyaona Dunlop.

Kwa Guildford, ningeanza na NGC 5128. Mwishoni mwa Mei, mnamo saa tatu usiku, hupita karibu na utosi, ambako anga ya jiji huwa na giza kuliko kwenye upeo wa macho. Iko takriban nyuzi 4.5 kaskazini mwa fundo la nyota la Omega Centauri, ambalo ni rahisi kulipata. Kaa gizani nusu saa, kisha itazame kwa pembe ya jicho, kwani seli zinazohisi mwanga hafifu hazipo katikati ya retina. NGC 300 iwekee safari ya kuvuka milima ya Blue Mountains, mbali na taa za jiji, usiku usio na mwezi.