Kutoka debe hadi dumu: historia ya mafuta ya akiba na simu ya upepo Usukumani

Ukienda mnadani Shinyanga ukauliza bei ya mahindi, utajibiwa kwa debe. Gunia ni debe sita, na lumbesa ni zaidi ya hapo, hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wengi wetu tunajua debe ni kipimo cha nafaka, basi. Kumbe debe lilianza maisha yake likiwa chombo cha mafuta, na kisa cha lilivyotoka kwenye gari hadi sokoni kinaeleza mengi kuhusu safari za porini katika ukanda huu wa dhahabu na almasi.

Turudi nyuma kidogo. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Miaka hiyo petroli na mafuta ya taa vilikuja kwa meli vikiwa kwenye makopo ya bati yenye umbo la mraba. Kila kopo lilibeba galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kitu, na makopo mawili yalikaa kwenye sanduku moja la mbao. Vituo vya kuuzia mafuta kwa pampu vilikuwa vya kuhesabu. Dereva aliyetoka stesheni ya Shinyanga kuelekea porini alibeba masanduku yake nyuma ya gari, akimaliza kopo anamimina jingine. Jina lenyewe, debe, linatokana na lugha za Kihindi, na hilo si ajabu: maduka mengi yaliyouza mafuta hayo yalikuwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia.

Kopo likiisha halikutupwa. Lilikuwa ndoo ya maji, likakatwa kuwa vibatari, likanyooshwa kuwa paa au mlango. Na kwa kuwa makopo yote yalikuwa na ujazo uleule, likawa kipimo ambacho mnunuzi na muuzaji wote waliweza kukiamini. Hapa kuna jambo la kufikirisha: pale ambapo leo ndoo ya plastiki ya lita 20 inaitwa "debe", mkulima anaongeza karibu lita 2 za nafaka juu ya debe la zamani. Kama bei haikupanda pamoja na ndoo, mmoja kati ya watu kumi anakula bure!

Sasa, kwa nini mafuta ya akiba yalikuwa suala la kufa na kupona huku? Jibu liko chini ya matairi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, alieleza kwamba udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka juu ya kilima hadi bondeni, na mpangilio huo ukijirudia kilima baada ya kilima. Akauita "catena", yaani mnyororo, na neno hilo linafundishwa vyuoni duniani kote mpaka leo. Wasukuma walikuwa na majina ya udongo huo tangu zamani: luseni ni mchanga wa juu, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Mbuga una madini ya mfinyanzi yanayonyonya maji na kuvimba. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Masika unakuwa gundi. Gari linaingia gia ya chini, magurudumu yanazunguka bila kusogea, na mafuta uliyopigia hesabu ya kilomita 100 yanaishia nusu ya njia.

Na watu walikuwa na sababu ya kuingia huko. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, baada ya miaka ya kuhangaika na pesa kidogo, aligundua almasi Mwadui. Kila mtafiti wa namna hiyo aliendesha akiwa na maswali mawili kichwani: nikiishiwa nitafikaje, na nikikwama nani atajua?

Swali la kwanza debe lililijibu vibaya. Bati lake lilikuwa jembamba na maungio yake yalilehemiwa kwa risasi, hivyo mtikisiko wa barabara uliyafumua. Ushahidi mkubwa ulitoka mbali, kwenye vita vya jangwani Afrika Kaskazini, ambako jeshi la Uingereza lilitumia makopo ya aina hiyohiyo. Jenerali Claude Auchinleck alikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya mafuta yalivuja njiani kabla ya kufika kwenye gari. Hebu fikiria: katika kila malori kumi ya mafuta, matatu yananywesha mchanga.

Wajerumani walikuwa wameshapata dawa. Mwaka 1937 walitengeneza kopo la chuma la lita 20 lililochomelewa kutoka vipande viwili. Waingereza walipoyateka makopo hayo waliyaiga, wakayaita kwa jina la utani walilowapa Wajerumani, "Jerry". Ndiyo asili ya jerikeni.

Ubora wake ni fizikia ya kawaida kabisa. Ubavuni kuna alama ya X iliyobonyezwa, ambayo inaimarisha bati na kuliachia nafasi ya kutanuka. Juu kuna uwazi wa hewa usiojaa mafuta. Kwa nini? Petroli hutanuka karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Lita 20 zikipanda kutoka nyuzi 20 asubuhi hadi 45 juani nyuma ya gari, zinaongezeka karibu nusu lita. Kwenye chombo kilichojazwa hadi mdomoni, nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea. Na ile mishikio mitatu? Inamwezesha mtu mmoja kubeba makopo mawili matupu kwa mkono mmoja, au watu wawili kusaidiana kopo moja lililojaa.

Kisha likaja dumu la plastiki, lile la njano lililokuja na mafuta ya kula. Leo ukisimama kwenye njia ya kwenda machimbo madogo ya Geita utaliona limefungwa kwenye bodaboda, likipeleka mafuta kwenye jenereta, pampu za maji na makarasha ya kusagia mawe. Ni rahisi, ni jepesi, na kwa petroli ni hatari. Plastiki ya kawaida hupitisha mvuke wa petroli polepole, na mafuta yakimiminwa ndani yake hujenga umeme tuli usio na pa kwenda. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoweki. Unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Shinyanga. Tanzania nzima inakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda na madumu yao kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100.

Tuje kwenye swali la pili. Kwa muda mrefu jibu lake lilikuwa mguu: unamtuma mtu atembee. Baadaye ikaja simu ya upepo, au radio kol kama wengine wanavyoiita. Vituo vya polisi, misheni na hospitali za mbali viliitegemea. Shirika la madaktari wanaoruka, AMREF, lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na mtandao wake wa redio ukaziunganisha hospitali za vijijini na daktari mwenye ndege.

Simu ya upepo haikuhitaji mnara. Mawimbi yake ya masafa mafupi, megahezi 3 hadi 30, hupanda angani, hugonga tabaka la hewa lenye chaji liitwalo ionosfia, na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana mzoefu alibadilisha masafa jioni: jua likizama tabaka hilo hubadilika, na sauti iliyosikika vizuri mchana hupotea.

Simu ya mkononi inafanya kazi tofauti. Inahitaji mnara, na mnara hufika kilomita chache au makumi machache, tena kama hakuna kilima katikati. Tumepata chombo bora sana karibu kila mahali, lakini pale kisipofika hatuna kitu, kwa sababu simu ya upepo hatunayo tena. Na chini ya ardhi hakuna mnara hata mmoja.

Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, siku 41 baadaye. Walikuwa wameishi kwa mizizi, vyura, mende na maji machafu. Kilichowaokoa hakikuwa chombo chochote: wenzao waliokuwa wakichimba walisikia sauti zao. Fikiria siku zote hizo kabla ya sauti kusikika. Juu kulikuwa na simu mifukoni, pikipiki na madumu ya mafuta. Chini, kwa habari ya mawasiliano, walikuwa pale alipokuwa msafiri wa mwaka 1928.

Kwa hiyo ukijiandaa kwa safari ya porini, iwe ya utafiti au ya harusi ya binamu yako kule ndani, historia hii ina mashauri machache. Beba akiba kwenye chombo cha chuma, usikijaze pomoni, na kiweke chini unapokijaza, siyo juu ya gari. Mahali penye mtandao wa kubahatisha, tuma ujumbe mfupi, maana hupenya pale ambapo maongezi yanakatika. Izime simu ukiwa sehemu isiyo na mnara, kwa sababu inapoutafuta ndipo inapomaliza chaji.

Na kabla hujaondoka, mwambie mtu mmoja unapita njia gani, utafika saa ngapi, na afanye nini ukichelewa. Hilo halina gharama, na machimboni lingeweza kuwa daftari tu mdomoni mwa shimo: nani ameingia, saa ngapi, ametoka au bado. Wewe huko kwenu mnalo? Na kama una babu aliyewahi kuendesha lori enzi za makopo ya bati, mkae mzungumze. Bila shaka atakuwa na kisa cha mbuga ambacho hakijaandikwa popote.