Gari za usukani mgumu kwenye barabara ya Kabasha

Wandugu wa Luofu, mliobaki na ninyi mliohamia Butembo na Beni, leo tunaongea juu ya gari za zamani, zile za vitesi ya mkono na usukani mgumu.

Land Rover ilitoka Uingereza mwaka 1948. Hadi 1971, vitesi yake ya kwanza na ya pili ilikuwa haina kile kifaa kinachopatanisha meno. Dereva alikanyaga ambreyaji mara mbili: anatoa vitesi, anaachilia, anapiga mafuta kidogo, anakanyaga tena, ndipo anaingiza. Aliyekosea, meno yalilia mpaka kijiji kizima kikamjua. Marekani, Cadillac ilikuwa na kifaa hicho tangu 1928, na Chrysler ikaanza kuuza gari ya usukani mwepesi 1951. Kwetu vilichelewa sana.

Udereva wetu ulipimwa Kabasha, mteremko wa barabara ya taifa namba 2, kutoka Kanyabayonga hadi bonde la Rwindi. Pale usukani usiosaidiwa na pompi unavuta mabega. Unashuka kwa vitesi ndogo ili injini ishike uzito, maana freni peke yake inapata moto na kuchoka.

Tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe raia. Maduka mengi yakafilisika, piesi zikaadimika nchini. Nafikiri hapo ndipo fundi wa Kongo alipata shule yake ya kweli: kutoa kwa gari hii, kutia kwa ile.

Land Cruiser 40, iliyotengenezwa toka 1960 mpaka 1984, inakubali dawa hiyo. Boksi ya usukani ya Land Cruiser 60 inaweza kuingia kwake, lakini fundi anakata na kulehemu chasi, kisha anafunga pompi inayozungushwa na mkanda wa injini. Hapo muulize vizuri kabla ya kulipa. Soda mbaya ikipasuka kwenye kona, hakuna wa kukusaidia.

Na kuna kosa lingine: kuzima injini kwenye mteremko juu ya kubana mazuti. Injini ikizima, pompi inasimama, usukani unakuwa mgumu kuliko ule wa zamani, na freni nayo inapoteza msaada wake. Watu wamekaa juu ya mizigo, mama na watoto.

Mwezi wa 6, 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, familia zilipanda kuelekea Lubero na Butembo, kwa miguu, kwa pikipiki, kwa gari. Gari ya vitesi ya mkono, betri ikifa, watu wanne wanaisukuma, dereva anaachilia ambreyaji, inawaka. Ya otomatiki inabaki njiani.