Jiji la Tano Halina Timu

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Siku chache baadaye msimu wa Ligi Kuu ukaanza na timu 18. Zihesabu. Eldoret haikuwa na hata moja. Kisumu pia. Nakuru vilevile. Majiji matano, na matatu kati yake wikendi yakawa yanaangalia ligi kwa runinga kama mimi tu.

Tangu siku hiyo, ukikaa kwa kinyozi au kwenye matatu ya Langas, utasikia mjadala: mji upi ndio utapata timu mpya? Watu wanataja uwanja, wanataja idadi ya watu, wanataja barabara nzuri na hoteli. Nimekulia Eldoret, kwa hivyo ningependa sana jibu liwe sisi. Lakini niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo najifundisha historia mwenyewe, kwa magazeti ya zamani na midomo ya wazee, na kila nikichimba hii stori ya mpira wa Kenya nafika pale pale. Timu hazijawahi kufuata miji. Zimefuata mishahara.

Ebu angalia. Eldoret tulikuwa na Rivatex, timu ya kiwanda cha nguo, iliyoshinda kombe la taifa mwaka 1990 na tena 1995. Tulikuwa na Eldoret KCC, timu ya maziwa, iliyolichukua kombe hilo hilo 1997 na kurudi fainali mwaka uliofuata, ikafungwa na Mathare United. Mumias Sugar walilishinda 1996 na 1999. Webuye walikuwa na Pan Paper ya kiwanda cha karatasi. Naivasha, Oserian Fastac, timu ya shamba la maua, ikawa bingwa wa ligi 2001 na 2002. Fastac, kama hujui, ni dawa ya kuua wadudu. Bingwa wa Kenya alibeba jina la dawa ya kunyunyizia maua na hakuna aliyeshangaa.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akisimamia mashine za kusuka, alinieleza vile mambo yalikuwa yakienda. Kijana anayejua mpira haendi kutafuta timu, anatafuta kazi. Anaandikwa kama karani au fundi, anapewa nyumba kwenye mtaa wa kampuni, asubuhi anapiga kadi na wenzake, mchana anaachiliwa aende mazoezini. Mguu ukivunjika kuna zahanati ya kampuni. Ukizeeka bado uko na kazi. "Mpira ulikuwa idara, kama stoo," akaniambia, na sijapata maelezo bora kuliko hayo katika chochote nilichosoma.

Sasa idara hufungwa. Miaka ya tisini soko lilifunguliwa, mitumba ikaingia, viwanda vya nguo vikazama kimoja baada ya kingine, Rivatex ikiwemo. KCC yenyewe iliporomoka kabla ya kufufuliwa 2003 kama New KCC. Pan Paper ilifunga 2009. Mumias Sugar iliwekwa chini ya mrasimu 2019. Ukichora ramani ya viwanda vilivyokufa na ramani ya timu zilizopotea, utachora mara moja tu.

Kisa cha Awendo ndicho kinaniuma zaidi. SoNy Sugar, timu ya mji mdogo uliozungukwa na miwa, ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 2006 mbele ya vigogo wote wa Nairobi. Mwaka 2019 mdhamini mkuu wa ligi, SportPesa, akajiondoa baada ya mvutano wake na serikali kuhusu leseni na kodi. Pesa zikakauka ligi nzima. Mwezi Novemba SoNy ilifukuzwa ligini kwa kushindwa kufika katika mechi tatu. Bingwa wa zamani hakushushwa na bao. Alishindwa kufika uwanjani.

Kuna aina nyingine ya timu, na hizi ndizo zimedumu. Gor Mahia, iliyoundwa 1968, na AFC Leopards, iliyozaliwa 1964 kama Abaluhya, zilitokana na watu waliotoka magharibi mwa nchi kutafuta kazi na kujikuta wakihitaji kwao ndani ya Nairobi. Hazikuwa na bosi mmoja wa kuzifunga. Serikali ilipokataza majina ya kikabila karibu na 1980, Abaluhya wakajiita All Footballers Confederation, Luo Union wakawa Re-Union, na Gor kwa muda wakawa Gulf Olympic Rangers, ili tu herufi tatu za mwanzo zibaki. Ujanja wa aina hiyo hutoka kwa watu ambao timu ni yao.

Lakini hapo ndipo Kisumu iliponyimwa. Timu ambayo ingekuwa ya jiji la ziwa tayari iko Nairobi. Kisumu Hotstars, Kisumu Posta, Kisumu All Stars, zote zilijaribu, na kila moja ilibidi ishindanie shabiki ambaye moyo wake ulishapanda basi la usiku kitambo.

Nakuru iliwahi kuwa mbele ya wote: Nakuru AllStars ndiyo bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, 1963. Baadaye ikapata Ulinzi Stars ya jeshi, wakacheza Afraha miaka mingi. Kisha wakahamia Lang'ata. Jeshi likisema tunahama, ni nani wa kuuliza? Mombasa nayo ilipata ubingwa wake wa pekee mwaka 1965 kupitia Feisal, na leo inashikiliwa na Bandari, yaani na mamlaka ya bandari. Meli zikija, mpira upo.

Marekani hawafichi jambo hili. Huko nafasi ya ligi inauzwa wazi: Charlotte ililipa dola milioni 325, San Diego milioni 500 ili iingie 2025. Sisi tuna ligi ya kupanda na kushuka, tunasema kila mtaa una nafasi. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini tazama bingwa wa 2025: Kenya Police. Tazama Bomet, mji uliopata timu ya ligi kuu kwa msimu wa 2025/26: ni APS, askari wa utawala. Kiwanda kimeondoka, sare imeingia. Hata Mara Sugar, iliyopanda 2024, jina lake linakuambia nani analipa.

Anayenipa wasiwasi na nadharia yangu ni Kisii. Shabana ilianza 1980 kwa pesa za mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ikashuka 2006. Kwa hesabu yangu ilifaa ife. Ilikaa chini miaka 17, ikarudi 2023, na Gusii ikajaa watu kama hawajawahi kuondoka. Duka liliianzisha, lakini kuna waliobaki nayo wakati haina lolote la kuonyesha. Je, Eldoret tuna watu hao? Kwa mbio, ndiyo, tunasimama barabarani tukingoja mtu mmoja apite. Kwa mpira, Rivatex ilipokwenda tulinyamaza. Sikumbuki kusikia mtu akiililia, isipokuwa yule mzee.

Kwa hivyo ukiniuliza mji upi, sitaangalia uwanja wa Kipchoge Keino wala hati ya jiji. Nitaangalia nani analipa watu wengi mwisho wa mwezi na bado hajaulizwa. Hapa kwetu kuna hospitali ya rufaa, kuna vyuo, kuna wasaga unga. Na kiwanda cha maziwa bado kipo pale pale, malori yanaingia kila asubuhi.