Kabla Hujapiga Mistari ya Maegesho, Piga Hesabu

Jengo la biashara lina gharama ambazo kila mtu anazikumbuka: askari wa lango, maji, taa za ngazi, taka. Iko nyingine ambayo hukumbukwa tu siku magari mawili yamekwaruzana na kila dereva anaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeegesha kombo. Hiyo ni mistari ya maegesho.

Mimi hushika daftari za majengo ya biashara hapa Mombasa, na kila mwaka wapangaji huniuliza swali lile lile: mbona twatozwa pesa za rangi ya maegesho na mistari haionekani? Ni swali la haki. Muuza buibui, mwenye duka la dawa na kinyozi ndio wanaolipa kupitia ada ya huduma, na wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Basi haya ni maelezo ya namna ya kuipangia kazi hii bajeti, kwa mwenye jengo, msimamizi na mpangaji pia.

Anza na utepe wa kupimia

Usimwite fundi akupe bei kwa macho. Shuka mwenyewe na utepe, karatasi na mtu wa kukushikia ncha ya pili. Nafasi moja ya gari la kawaida huchorwa upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, au pungufu kidogo. Mstari wenyewe huwa na upana wa sentimita 10.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha nafasi 40, safu mbili za magari 20 kila moja, pua zikitazama ukuta. Safu ya magari 20 yahitaji mistari 21, kwa sababu ya mwisho lazima ifungwe. Mistari 21 mara mita 5 ni mita 105. Safu mbili ni mita 210. Kwa upana wa sentimita 10, hizo ni mita za mraba 21 za rangi.

Wengi huishia hapo, na ndipo bajeti inapopasuka. Ongeza mishale minne ya kuelekeza magari, kila mmoja kama mita ya mraba 1.2, jumla 4.8. Ongeza alama mbili za kiti cha magurudumu, mita za mraba 2. Ongeza kivuko cha waendao kwa miguu, mapande matano ya mita 3 kwa nusu mita, jumla 7.5. Weka mistari ya mshazari ya eneo lisiloegeshwa, kama mita za mraba 2. Hayo mengine peke yake ni 16.3, si mbali na mistari yote ya magari. Jumla kuu ni mita za mraba 37.3.

Lita moja ya rangi ya barabara, ikipakwa kwa unene unaofaa, hutosha kama mita za mraba 2.5, yaani mita 25 za mstari. Kwa hiyo mkono mmoja wataka karibu lita 15, mikono miwili lita 30. Weka asilimia 10 ya kumwagika na kubaki kwenye rola, unafika lita 33. Debe moja la lita 20 na makopo manne ya lita 4 yatakutosha na kukubakishia ya kurudia palipofifia. Fundi akikuambia kiwanja hiki chataka madebe matano, muulize mengine yanakwenda wapi. Akikuambia litatosha moja, jua atapaka mkono mmoja au ataichuja kwa tina.

Rangi ipi kwa sakafu ipi

Rangi ya ukutani haifai chini ya tairi, itachunika mapema. Omba rangi ya barabara. Ile ya kawaida, kwenye maegesho yenye shughuli, hukaa mwaka mmoja hadi miwili. Iko pia thamoplastiki, unga unaoyeyushwa kwa moto wa nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi na kumwagwa ukiwa na unene wa milimita mbili hivi. Hii hukaa miaka kadhaa, lakini yataka mashine na mafundi wanaoijua.

Linganisha kwa mwaka, si kwa bei ya siku ile. Tuseme, kwa mfano tu, kazi ya rangi ni shilingi 60,000 na yadumu mwaka mmoja, na ya thamoplastiki ni 150,000 na yadumu miaka minne. Ya kwanza ni 60,000 kwa mwaka, ya pili ni 37,500. Aliyeonekana ghali ndiye rahisi. Lakini hesabu hiyo ni ya lami. Thamoplastiki hushikamana na lami vizuri. Juu ya saruji yataka kwanza rangi ya msingi ya kushikisha, na juu ya kabro hupasuka kwenye viungo kwa sababu matofali husogea.

Na sisi wa pwani maegesho yetu mengi ni ya kabro. Kama bado unajenga, nakushauri mistari ilazwe kwa matofali ya rangi tofauti tangu mwanzo. Utalipa zaidi kidogo siku ya kutandika, na hutanunua rangi ya mistari ile tena. Kama lami au saruji ni mpya, usiipake siku ya pili. Lami ipe wiki mbili hadi nne, saruji ipe siku 28.

Kazi isiyoonekana ndiyo inayobeba kazi

Rangi haishiki mchanga, na huku kwetu upepo hutuletea mchanga na chumvi kila siku. Katika bajeti weka mstari wake wa kufagia, kusugua mafuta ya gari kwa sabuni, kuosha kwa maji matamu na kungoja pakauke. Kama michoro ya zamani yabadilika, weka pesa za kuikwangua. Kuifunika kwa rangi nyeusi ni kujidanganya: nyeusi huchunika, na usiku mwanga wa taa huifanya ing'ae kama mstari, dereva asijue afuate upi.

Msimu na siku

Usipange kazi hii kuanzia Aprili hadi Juni, masika ikiwa imechacha. Januari hadi Machi ni wakati mzuri, na Agosti hadi Septemba hufaa pia. Hata kiangazi, umande wa alfajiri hulowesha sakafu, basi fundi asianze mpaka pamekauka. Usifunge maegesho kumi la mwisho la Ramadhani, maana hizo ndizo siku wapangaji wako wanategemea mauzo ya Idi. Gawa kiwanja nusu kwa nusu, wateja wasikose pa kuingia. Siku mbili za kazi zalipiwa vibarua wa siku mbili, lakini hasara ya kufunga maduka ni kubwa kuliko ujira wao.

Nafasi ambayo si ya kupunguzwa

Bajeti ikibana, jambo la kwanza kukatwa huwa alama ya kiti cha magurudumu. Hapa mimi sikubali. Katiba ya 2010, Ibara ya 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Na gharama yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Chukua nafasi tatu za kawaida karibu na mlango. Ya katikati ipige mishazari, isiegeshwe, na zile mbili za pembeni ziwe za wenye ulemavu. Mistari ya kugawa ni ile ile 21. Kilichoongezeka ni rangi ya mishazari na alama mbili, na ulichopoteza ni nafasi moja, kutoka 40 hadi 39. Ulichopata ni kwamba mtu aweza kufungua mlango wa gari kikamilifu, akateremsha kiti chake na kuingia dukani bila kubebwa mgongoni kama gunia.

Vivyo hivyo njia ya gari la zimamoto, na mlango wa dharura. Ukipaka nafasi ya gari mbele yake ili upate kodi zaidi, umeuza njia ya kutokea ya watu. Na usisahau bodaboda, tuktuk na mkokoteni wa hamali. Wasipochorewa pao watasimama katikati ya mishale yako.

Karatasi

Taka bei tatu, zote kwa vipimo vile vile ulivyopima wewe: mita za mstari, idadi ya alama, aina ya rangi, mikono mingapi, nani anaosha. Bei ya jumla isiyo na mchanganuo hailinganishiki. Uliza kama VAT ya asilimia 16 imo ndani au itakuja baadaye, na uombe ankara ya eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi na KRA. Zuia asilimia 10 ya malipo kwa siku 30, na jambo hilo liandikwe kabla ya kazi. Rangi mbaya huanza kuchunika mapema.

Mwisho, usingoje mistari ife ndipo uwatoze watu kwa mpigo. Ile 60,000 ya mfano wetu ni 5,000 kwa mwezi. Maduka kumi ya ukubwa sawa, kila moja 500. Yakiwa hayalingani, gawa kwa mita za mraba za duka. Iandike katika taarifa ya ada ya huduma kwa jina lake, si chini ya "mengineyo". Mpangaji akiona alilipa nini na akaona mstari chini ya gari lake, huwa hana la kuuliza.