Gunia la Nakuru

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka uliofuata ikafika Ziwa Viktoria, pale Kisumu. Lakini njia ya pili ya kwenda Eldoret, iliyofika huko mwaka 1924 na baadaye Kampala mwaka 1931, ndiyo iliyoifanya Nakuru njia panda. Kila behewa la kwenda Kisumu au Uganda lilipita hapa.

Mwaka 1919 walowezi waliolima mahindi waliunda chama cha kuuza mazao yao. Mwaka 1923 kikawa Chama cha Wakulima wa Kenya (KFA), makao yake makuu yakiwa Nakuru. Kazi yake ndiyo tunayomkabidhi leo meneja wa ugavi: kupokea nafaka, kuipima na kuipanga kwa madaraja, kuihifadhi, kutafuta mabehewa na soko, kisha kumrudishia mkulima fedha na mbegu. Gunia lilikuwa la paundi 200, yaani takriban kilo 90, na lilibebwa mabegani. Bondeni, mtaa mkongwe wa Waafrika, ulikuwa wa watu wa kazi za mji kama hizo, ambao majina yao ni nadra kuyakuta katika vitabu vya historia ya kilimo.

Kwangu mimi, mwaka wenye uzito zaidi ni 1942. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vikiendelea, na serikali ikaanzisha Udhibiti wa Mahindi, KFA ikawa wakala wake. Walowezi waliahidiwa bei maalumu. Mkulima Mwafrika alilipwa pungufu, kwa kuwa kwanza zilikatwa gharama za gunia, uchukuzi na ushuru. Mahindi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni njia iliyoyafikisha ghalani na aliyeiandikia masharti. Mvua ilipokosekana, mwaka 1943 chakula kikapungua nchini, hata serikali ikaunda tume ya kuuchunguza upungufu huo. Ghala likiwa tupu, amri juu ya bei haishibishi mtu.

Ukoloni uliondoka, lakini utaratibu ule wa kudhibiti mahindi ukabaki. Mwaka 1979 bodi za mahindi na ngano ziliunganishwa kuwa Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao (NCPB). Kwa miaka mingi mkulima hakuruhusiwa kuvusha mahindi yake hadi wilaya nyingine bila kibali, na lori lililopatikana bila karatasi lilizuiwa barabarani. Vizuizi hivyo viliondolewa mwaka 1993, na gunia la kilo 90 likabaki kipimo cha kutajia bei.