Kuhesabu Marejeo: Historia ya Wazo Moja ndani ya Kiini cha Kompyuta

Mwalimu anapofuta faili la mtihani katika kompyuta ya shule, huamini kwamba mtihani huo umekwisha kutoweka. Mara nyingi imani hiyo si sahihi. Katika mifumo endeshi yenye asili ya Unix, Linux ikiwa mojawapo, amri ya kufuta huondoa jina tu. Maandishi yenyewe hubaki katika diski maadamu liko jina jingine linaloyataja, au iko programu iliyoyafungua na haijayafunga. Kinachoamua ni hesabu ndogo inayotunzwa na kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, diski na muda wa mashine kwa programu zote. Katika makala haya tunakusudia kueleza hesabu hiyo ilitoka wapi, iliingiaje katika kiini, na kwa nini ikikosewa hata kwa moja tu, mtu asiye na haki aweza kuitawala mashine nzima.

Kwanza, neno juu ya istilahi. Tumechagua kusema rejeo, na kwa wingi marejeo, kwa sababu neno hilo lina shina moja na kirejeshi tunachokifundisha katika sarufi. Katika maneno “kitabu nilichokisoma”, ile -cho- si kitabu. Hurejea kwenye kitabu kilichokwisha kutajwa. Vivyo hivyo rejeo katika kompyuta si kitu chenyewe, bali ni namba inayoonyesha mahali kitu kilipo katika kumbukumbu. Kukifuta kitu na kuliacha rejeo lake ni sawa na kubaki na -cho- isiyo na nomino. Tofauti ni kwamba msomaji atashangaa na kuuliza, ilhali mashine haishangai. Itaifuata namba ile hadi mahali pale na kusoma chochote itakachokikuta.

Wazo la kuhesabu marejeo halikuzaliwa katika mifumo endeshi. Lilizaliwa miongoni mwa watu waliotaka kompyuta ishughulikie orodha badala ya namba tupu. Mwezi wa Aprili 1960, John McCarthy wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza katika jarida la Communications of the ACM lugha aliyoiita LISP. Katika lugha hiyo orodha yaweza kuwa na orodha nyingine ndani yake, na hiyo nayo ikawa na nyingine. Lakini orodha ndogo moja yaweza pia kuwamo ndani ya orodha kubwa mbili au tatu kwa pamoja. Basi ifutwe lini? McCarthy alishauri kwamba mashine isijishughulishe mpaka nafasi iishe. Ikiisha, kazi isimame, mashine ipite ikitia alama kila kinachoweza kufikiwa, kisha ikusanye kila kisicho na alama. Huo ndio utaratibu uitwao hadi leo ukusanyaji wa taka.

Desemba ya mwaka uleule, katika jarida lilelile, George Collins alitoa jibu la pili. Kila kinachoshirikiwa kiandikiwe namba. Kikipata mshikaji mpya, namba ipande kwa moja. Mshikaji akikiachia, ishuke kwa moja. Ikifika sifuri, kifutwe papo hapo. Hapana haja ya kuisimamisha mashine. Na kikifutwa, marejeo yaliyomo ndani yake nayo huachiliwa, hata kufutwa kwa kitu kimoja kukateremka tabaka baada ya tabaka, na kukoma pale tu panapokutwa kitu chenye mshikaji mwingine. Kwa miundo iliyomo ndani ya miundo, sisi twaona kuwa hili ni jibu lenye uzuri wa pekee, kwa maana kila tabaka hujitunza lenyewe.

Uzuri huo ulikuwa na tundu. Mwaka 1963 J. Harold McBeth aliandika barua fupi katika jarida hilohilo akionyesha kwamba orodha inayojirudia yenyewe haiwezi kufutwa kwa njia ya Collins. Tuseme kitu cha kwanza kinakishika cha pili, na cha pili kinakishika cha kwanza. Mtu wa nje akiviachia vyote viwili, kila kimoja bado kina hesabu ya moja, maana kinashikwa na mwenzake. Havifikiki tena, wala havifutiki. Hesabu hujua ni wangapi wanaoshika. Haijui ni nani. Takriban matatizo yote tutakayoyataja hapa chini yametoka katika upungufu huo.

Mwaka 1969 Ken Thompson, pamoja na Dennis Ritchie, alianza kuunda mfumo wa Unix katika maabara za Bell kwa mashine ndogo ya PDP-7. Humo faili halina jina ndani yake. Jina limo katika saraka, yaani orodha ya majina, na kila jina huelekeza kwenye kumbukumbu ndogo ya faili iitwayo inodi. Majina mawili yaweza kuelekeza kwenye inodi moja, wala hapana lililo kuu na lililo dogo. Kwa hiyo inodi hutunza hesabu ya majina yake.

Jambo lenye mafunzo zaidi lilitokea pale mfumo huo ulipoanza kuruhusu programu moja izae nyingine. Ritchie mwenyewe amelisimulia katika historia aliyoiandika ya miaka ile ya mwanzo. Hapo awali kila programu ilijitunzia alama ya mahali ilipofikia katika faili. Mtu alipotoa amri mbili mfululizo, ya kwanza iorodheshe mafaili na ya pili iorodheshe watu walio katika mashine, na majibu yote yaandikwe katika faili moja, amri ya pili ilianza kuandika mwanzoni mwa faili na kufuta maandishi ya ile ya kwanza. Kila moja ilikuwa na alama yake, wala haikujua kwamba mwenzake alikwisha kuandika. Dawa yake ilikuwa kuongeza jedwali la katikati, ambamo alama hiyo huwekwa mahali pamoja na kushirikiwa na mzazi na mtoto.

Hivyo yakapatikana matabaka matatu, nayo yaonekana wazi katika Toleo la Sita la Unix, la mwaka 1975. Programu ina orodha yake ndogo ya mafaili iliyoyafungua, isiyozidi 15. Kila nafasi katika orodha hiyo huelekeza kwenye jedwali la katikati, lenye nafasi 100 kwa mashine nzima. Nalo jedwali la katikati huelekeza kwenye jedwali la inodi, ambalo nalo lina nafasi 100. Kila tabaka lina hesabu yake. Programu ikizaa watoto tisa, ile nafasi ya katikati itahesabu washikaji kumi, lakini inodi itahesabu mmoja tu, kwani kwake anayeshika ni ile nafasi ya katikati, si programu zenyewe. Aidha, inodi ina hesabu mbili: ya majina yaliyo katika diski, na ya washikaji walio katika kumbukumbu wakati huo. Faili huachiliwa zote mbili zikifika sifuri. Ndiyo sababu ule mtihani tulioutaja haukutoweka.

Tutaje kando kwamba aliyewafungulia wengi mlango wa kuyasoma haya alikuwa mwalimu. John Lions, wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, aliandika mwaka 1976 na 1977 ufafanuzi wa maandishi ya kiini cha Toleo la Sita kwa ajili ya wanafunzi wake. Masharti ya leseni ya toleo lililofuata yalizuia mafundisho ya namna hiyo darasani, na kwa miaka mingi kitabu chake kilipita mkono kwa mkono kwa nakala za kurudufu, hata kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. Ni nadra kitabu cha darasani kupendwa kiasi hicho.

Je, Thompson na Ritchie walilijua tundu la McBeth? Tunachoweza kusema ni kwamba walilikwepa kwa makusudi. Katika maelezo yao ya mwaka 1974 walieleza kwamba saraka zinalazimishwa kuwa na umbo la mti wenye shina moja, na kwamba hairuhusiwi kuipa saraka majina mengi kama ilivyo kwa mafaili ya kawaida. Kama ingeruhusiwa, saraka ingeweza kujikuta ndani ya mjukuu wake, na ingekuwa vigumu kutambua ni lini kiungo cha mwisho kati yake na shina kimekatika. Badala ya kutibu duara, wakalipiga marufuku.

Marufuku hayo yalitosha kwa saraka, lakini duara likaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa toleo la Unix ambamo programu mbili katika mashine moja zingeweza kuzungumza kwa njia ya soketi, na hata kupelekeana mafaili yaliyofunguliwa. Faili linapokuwa njiani, halijapokelewa, ni lazima lihesabiwe kuwa limeshikwa, la sivyo litafutwa likiwa safarini. Lakini soketi yenyewe ni faili lililofunguliwa. Basi programu yaweza kuituma soketi ndani ya soketi hiyohiyo, kisha ikaifunga. Soketi hujishika yenyewe, na hakuna awezaye kuifikia. Ni duara lilelile la mwaka 1963, safari hii ndani ya kiini. Waundaji wa BSD, na baadaye wale wa Linux, walilazimika kutia ndani ya kiini ukusanyaji wa taka kwa ajili ya soketi hizo peke yake. Jibu la Collins lilikwenda kuomba msaada kwa jibu la McCarthy.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, na kadiri ilivyokua ndivyo hesabu za marejeo zilivyoenea humo. Kila mtunzi alijitungia yake, kila moja na makosa yake. Mwaka 2004 Greg Kroah-Hartman alileta aina moja ya hesabu, kref, itumiwe na wote. Kanuni zake ni chache: hesabu ianze na moja; asiye na hakika kwamba kitu kingali hai asijaribu kukishika; na anayempa mwingine rejeo aongeze hesabu kabla ya kumpa, si baada ya hapo. Kanuni hii ya mwisho yaonekana ndogo. Lakini ukitoa kwanza na kuhesabu baadaye, mpokeaji aweza kumaliza kazi na kuachia kabla wewe hujaongeza. Hesabu ikafika sifuri, na kitu kikafutwa mikononi mwako.

Miundo iliyopachikwa ndani ya miundo iliongeza ugumu wake. Katika Linux muundo mdogo wenye hesabu huwekwa ndani ya muundo mkubwa unaoelezea kifaa, na uhai wa kile kikubwa hufuata hesabu ya kile kidogo. Ndiyo maana haifai kupachika viwili vya namna hiyo ndani ya kimoja: kimoja kitafika sifuri na kuubomoa muundo mzima huku kingine kingali kinashikwa. Mtoto naye humshika mzazi wake, ili mzazi asifutwe mbele ya mtoto. Mzazi akimshika mtoto kwa namna hiyohiyo, tumerudi kwa McBeth.

Hasara ya kukosea ilidhihirika mwezi wa Januari 2016, kampuni ya Perception Point ilipotangaza kasoro iliyokuwamo ndani ya Linux tangu 2012. Ilihusu mkoba ambamo kiini huziwekea programu funguo zao za siri. Programu ilipoomba kujiunga na mkoba ambao tayari ulikuwa wake, kiini kiliongeza hesabu kwa moja, kisha katika njia hiyo kikasahau kuipunguza. Kosa la moja tu! Lakini hesabu hiyo ilikuwa na biti 32, na kama saa ya gari, ikifika ukomo wake huanza tena sifuri. Aliyerudia ombi lile mara zipatazo 4,294,967,296 aliifikisha hesabu kwenye sifuri ilhali mkoba ungali mkononi mwake. Kiini kiliufuta, naye akajaza nafasi ile kwa maandishi aliyoyatunga mwenyewe, na kiini kikayasoma kwa imani kwamba ni mkoba. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida aliweza kujipa mamlaka yote ya mashine.

Mwaka 2017, katika toleo 4.11, Linux ilipata aina mpya ya hesabu isiyozunguka. Ikikaribia ukomo hukwama huko huko, haipandi wala haishuki, na kitu chake hakifutwi kamwe hadi mashine izimwe. Waundaji walichagua kwa kujua kupoteza kumbukumbu kidogo kuliko kufuta kinachotumika, na sisi twakubaliana nao kabisa.

Kuhusu duara, mambo yameendelea. Google ilitangaza kwamba kulikuwa na dalili za wavamizi kuitumia kasoro iliyokuwamo ndani ya ule ukusanyaji wa taka wa soketi dhidi ya simu za Android, ambazo kiini chake ni Linux, na ambazo wengi wetu twazibeba mifukoni. Programu moja ilichungulia ujumbe uliokuwa njiani wakati uleule mkusanyaji alipokuwa akihesabu nani anashika nini, na hesabu zao zikapishana. Mwaka 2024 sehemu hiyo ya Linux iliandikwa upya. Sasa kiini hutunza ramani ya soketi zilizomo ndani ya soketi, na huitafuta mizunguko ndani ya ramani hiyo kwa njia iliyotungwa na Robert Tarjan mwaka 1972. Mahali hapo pamoja, baada ya miaka sitini na mmoja tangu barua ya McBeth, kiini kimeanza kuuliza pia ni nani anayeshika.